Kopo Jipya, Tumbaku Ile Ile

Kiko chetu tunakiwasha mara moja tu kwa siku, asubuhi baada ya chai, upepo wa bahari ukiwa bado haujachangamka. Hatuandiki haya kumshawishi kijana yeyote aanze kuvuta. Madhara ya tumbaku yanajulikana, na sisi tuliokwisha zoea hatuna la kujitetea. Hata hivyo, kopo dogo la bati limetupa somo ambalo tungependa kuwashirikisha wananchi wenzetu na viongozi wetu.

Mchanganyiko tuupendao huitwa Early Morning Pipe. Kwa miaka mingi ulibeba jina la Dunhill, kutokana na Alfred Dunhill aliyefungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke Street, London, mwaka 1907. Kazi ya kuchanganya iliondoka London ikahamia Belfast, kisha Denmark, na kopo likaendelea kusema Dunhill. Onyo la afya nalo lilizidi kukua juu ya kifuniko, na ni haki likue. Mwaka 2018 jina la Dunhill liliondolewa katika tumbaku ya kiko. Mwaka 2019 mchanganyiko ukarudi sokoni kwa jina la Peterson wa Dublin, ukitengenezwa huko huko Denmark.

Kopo hilo jipya tulilifungua kwa wasiwasi. Pua ikatutoa shaka kabla ya kiberiti kuwashwa: harufu ilikuwa ile ile ya moshi wa kuni. Harufu hiyo ni ya jani liitwalo Latakia, linalokaushwa kwa moshi. Jina ni la bandari ya Syria, lakini jani linalovutwa siku hizi hutoka hasa katika kisiwa cha Saiprasi. Basi wenye kopo wamebadilika, bandari imebaki na sifa, na mkulima wa kisiwani hatajwi popote.

Msomaji wa visiwa hivi hana haja ya kuambiwa habari hiyo inafanana na nini. Kwa miongo mingi karafuu za Unguja na Pemba zilivuka bahari magunini hadi Java, zikakatwakatwa na kuchanganywa na tumbaku katika sigara za kretek. Pakiti zilikuwa na picha za kupendeza na majina ya matajiri wa Kudus. Jina la mchumaji aliyepanda mkarafuu pale Pemba, akihatarisha shingo yake kwa kikonyo kimoja baada ya kingine, halikuwamo.

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatuwapingi wahenga, ila tunauliza: kizuri kikijiuza, faida humwendea nani? Tunavyoona sisi, humwendea yule ambaye jina lake limeandikwa juu ya kifuniko.

Kwa hiyo tunawaomba wahusika wa biashara na kilimo wasilione suala la vifungashio kuwa ni pambo. Kila chupa ya mafuta ya karafuu na kila pakiti ya viungo inayotoka hapa itaje waziwazi ilikotoka, na ubora wa kilichomo usiliaibishe jina hilo. Wanunuzi huja na kuondoka, na makopo hubadilishwa rangi. Jina la kisiwa ni mali ya wenye kisiwa, nao wasikubali lisafiri likiwa limefichwa guniani.