Makohozi ya Kupeleka Hospitali

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu ambacho wengi huona haya kukitaja, nacho ni makohozi.

Mfikirieni mtu akaaye Temeke au Kinondoni, katika chumba kimoja cha kupanga, pamoja na mkewe na watoto watatu. Amekohoa zaidi ya majuma mawili, amekonda, na usiku hutokwa na jasho. Aenda hospitali, apewa kikopo, aambiwa alete makohozi. Kwa haraka na kwa haya atema mate tu, akakirudisha. Jibu latoka kwamba hakuna kilichoonekana. Arudi kwake amefurahi. Kumbe ugonjwa ungalimo kifuani, na kila akohoapo huwarushia wanawe vijidudu hewani.

Vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch aliutangazia ulimwengu habari zake mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, makao yake ni mapafuni, si kinywani. Mpimaji hupaka makohozi juu ya kipande cha kioo, huyakausha, huyatia rangi nyekundu, huyaosha kwa asidi, kisha hutia rangi ya buluu. Vijidudu hivi havikubali kuuacha wekundu wao. Basi katika hadubini huonekana kama vijiti vyekundu juu ya uwanja wa buluu. Lakini ili vionekane, yapasa viwe kama 5,000 hadi 10,000 katika kila mililita moja. Siku hizi ziko mashine zivitambuazo hata vikiwa vichache zaidi; lakini hakuna mashine iwezayo kuona kisichomo kikoponi.

Basi kila apewaye kikopo cha kwenda nacho nyumbani na afanye hivi. Kwanza, atoe makohozi asubuhi aamkapo, kabla ya kula, kwa kuwa usiku kucha hukusanyika kifuani. Na asukutue kinywa kwa maji matupu. Pili, atoke nje penye hewa, mbali na watu. Tatu, avute pumzi ndefu mara mbili au tatu, kisha akohoe kwa nguvu kutoka ndani kabisa ya kifua. Nne, ateme kikoponi bila kuchafua nje, mpaka yapate kijiko kimoja cha chai. Makohozi ni mazito tena hunata. Mate ni mepesi kama maji. Tano, afunge kifuniko barabara, anawe mikono, akiweke kikopo mbali na jua, na kukipeleka siku ile ile. Jina lake liandikwe ubavuni mwa kikopo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko huweza kubadilishana.

Ugonjwa ukionekana, asikate tamaa. Katika hospitali za serikali dawa zake hutolewa bure, na kwa kawaida humezwa kwa muda wa miezi 6 bila kukatiza. Aonaye haya mbele ya kikopo na awakumbuke walalao naye chumba kimoja. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.