Kompyuta moja, wachezaji wawili: inawezekanaje?

Wewe na mwenzako wa chumbani mna kompyuta moja, na kila mtu anataka kucheza. Mpokezane? Si lazima. Kompyuta moja inaweza kugawanywa ikawa mbili.

Kazi hiyo hufanywa na mashine pepe, yaani kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Wazo si geni: IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972. Kwenye Linux, KVM ipo tangu 2007.

Prosesa ni rahisi kugawa. Ikiwa na viini 8, chukua 3, mpe mwenzako 3, na 2 vibaki kwa mfumo mwenyeji. RAM nayo hugawanywa hivyo hivyo. Kila mashine inapata kibodi, kipanya na skrini yake, na zinaungana kwa swichi pepe, bila hata waya.

Shughuli iko kwenye kadi ya michoro. Kadi nyingi za kawaida hazigawanyiki, kwa hiyo kila mashine hukabidhiwa yake nzima. Hapo ndipo inahitajika IOMMU, inayohakikisha kila kadi inagusa RAM ya mashine yake tu. Bila kadi, prosesa ndiyo inachora picha, na gemu linakwamakwama.

Basi kabla hamjachanga hela, angalieni: ubao mama una IOMMU na nafasi ya kadi mbili? Na gemu lenyewe je? Mengine yana programu za kuzuia udanganyifu, na yakigundua mashine pepe hayafunguki kabisa.