Runinga Kuukuu: Itengenezwe au Ibadilishwe?

Mtu akipeleka runinga kwa fundi pale Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale, swali lake la kwanza huwa: "Fundi, inatengenezeka?" Jibu mara nyingi ni ndiyo. Swali gumu ni la pili: je, matengenezo hayo yanalipa? Ili kulijibu, tutazame mambo kadhaa, moja baada ya jingine.

La kwanza ni aina ya runinga. TV ya chogo huonyesha picha kwa bomba kubwa la kioo lililoondolewa hewa. Flati ina kioo chembamba mbele, taa ndogo za LED nyuma yake, na bodi zinazoviendesha. Wengi huamini kwamba chogo lilikufa siku mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, Dar es Salaam, tarehe 31 Desemba 2012. Halikufa. Likiunganishwa na king'amuzi kwa nyaya za rangi tatu, linaonyesha chaneli zilezile. Na anayetumia dishi kwa kawaida atahitaji king'amuzi hata akinunua flati, kwa hiyo gharama hiyo tusiihesabu upande wowote.

La pili ni sehemu iliyokufa. Chogo likionyesha mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo, kwa kawaida ni saketi ya kutandaza picha juu na chini, na kipuri chake ni kidogo. Lakini picha ikiwa hafifu na ikachukua dakika kadhaa kung'aa, bomba lenyewe limechoka, na hilo halina tiba ya maana. Kwa flati yenye sauti lakini giza, fundi mzuri huzima taa ya chumbani na kumulika kioo kwa tochi, kwa karibu na kwa mshazari. Akiona picha ikicheza kwa mbali, kioo ni kizima; zilizokufa ni taa za nyuma au bodi inayozilisha. Runinga isiyowaka kabisa huanza kuchunguzwa kwenye pawa saplai: fyuzi iliyokatika, kapasita iliyovimba kichwa. Kioo kilichopasuka ni habari nyingine, kwa sababu bei ya kioo hukaribia bei ya runinga nzima.

La tatu ni hesabu. Kosa la kawaida ni kulinganisha bei ya matengenezo na bei ya runinga mpya moja kwa moja. Kipimo sahihi ni gharama kwa mwaka wa matumizi. Tuchukue mfano. Kutengeneza chogo ni Sh30,000, na nauli ya kufuata kipuri Kahama au Mwanza Sh10,000; jumla Sh40,000. Flati mpya ni Sh240,000, nayo inatarajiwa kudumu miaka 6, yaani Sh40,000 kwa mwaka.

Umeme nao uingie. Chogo la inchi 21 hula wati 75 hivi, flati ya inchi 24 wati 35 hivi. Kwa saa tano kwa siku, tofauti ni uniti 6 kwa mwezi. Kwa mteja mdogo anayelipa Sh100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni Sh7,200 kwa mwaka. Chogo likidumu miaka miwili baada ya kutengenezwa, gharama yake kwa mwaka ni Sh20,000 na hizo Sh7,200, jumla Sh27,200: limeishinda flati. Likidumu mwaka mmoja tu, ni Sh47,200: limeshindwa. Bei ya fundi haikubadilika hata shilingi. Kilichogeuza jibu ni muda.

Jambo la nne, basi, ni kinachoamua muda huo: chanzo cha ubovu. Katika ukanda huu wa dhahabu wa Nyang'hwale, makarasha ya kusaga mawe yanaweza kuwa kwenye laini moja na nyumba za watu. Mota kubwa inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshachanganya, na volti za majirani hushuka chini ya zile 230 zinazotakiwa. Pawa saplai hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi, nayo hupata joto. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, huungua. Anayebadilisha kapasita bila kuweka kifaa cha kukata umeme unapozidi au kupungua amenunua muda mfupi. Anayenunua runinga mpya bila kifaa hicho amefanya kosa lilelile kwa bei kubwa zaidi.

La tano ni chanzo cha umeme. Kwa anayetegemea sola, zile wati 75 zinadai betri na paneli kubwa, pamoja na inveta. Kwake flati ya volti 12 hushinda hata kama chogo lingetengenezwa bure.

Sasa tunaweza kuhukumu. Umri peke yake si sababu ya kutupa runinga. Tengeneza ikiwa kioo au bomba ni zima, ubovu uko kwenye bodi au taa, umeme ni wa gridi (kwa chogo), na chanzo cha ubovu kimedhibitiwa. Badilisha ikiwa kioo kimepasuka, bomba limechoka, au unaendesha chogo kwa sola. Kabla ya kulipa, mwulize fundi: kimekufa nini, kimeuawa na nini, na unanipa dhamana ya muda gani? Asiyeweza kujibu la pili hajamaliza kazi.

Usilifungue chogo mwenyewe, kwani bomba huweza kuhifadhi maelfu ya volti hata baada ya kuzimwa. Wala usilivunje jalalani: kioo chake kina madini ya risasi, sumu kwa watoto wanaochezea hapo. Likifika mwisho, mwachie fundi. Vipuri vyake vizima vitaponya la jirani.