SPIKA YA GARI IKIPIGA KELELE, TUTAFUTE CHANZO

Askari aliyepata kufanya doria ya usiku ndani ya gari anaufahamu vema mlio ule. Dereva huwasha injini, na papo hapo spika ya redio huanza kulia kama mbu. Injini inapokimbia, mlio nao hupanda. Wengi wetu huikabili hali hiyo kwa kuongeza sauti. Hiyo si dawa, kwani maneno na kelele huongezeka pamoja.

Jambo hili lisidhaniwe kuwa ni la starehe ya muziki tu. Katika kelele, "tatu" huweza kusikika "tano". Polisi walioko kizuizini, wakiipokea vibaya namba ya gari, watamsimamisha raia asiye na hatia huku mhalifu akipita. Vivyo hivyo, amri ya "subirini" ikisikika "sogeeni", kikosi kizima kimo hatarini. Waundaji wa Land Rover za kijeshi huko Uingereza walilitambua hilo zamani. Walitoa aina iliyotayarishwa maalumu kwa redio, yenye umeme wa volti 24 badala ya 12, na mitambo ya cheche iliyozuiwa isivuruge mawasiliano.

Basi tufanye upelelezi kabla ya kununua chochote.

Kwanza, tuzime injini na kuiacha redio ikifanya kazi. Kelele ikiendelea, chanzo si injini. Huenda karatasi ya spika imechanika au waya wake umelegea. Kelele ikikoma, tuwashe injini na kukanyaga mafuta taratibu, gari likiwa limesimama. Mlio mwembamba unaopanda na kushuka pamoja na injini kwa kawaida hutokana na altaneta, yaani mtambo unaochaji betri. Mlio wa kukatika-katika, unaozidi wepesi injini inapokimbia, aghalabu hutokana na cheche za plagi katika gari la petroli. Mlio unaokuja pale tu waipa inapowashwa, chanzo chake ni mota ya waipa.

Pili, tuchomoe waya wa eriali nyuma ya redio. Kelele ikitoweka, ilikuwa ikiingia kwa njia ya eriali. Tukague kitako chake na mahali kinaposhikana na bodi. Ikibaki, yaelekea inaingia kwa nyaya za umeme.

Tatu, tuukague waya wa hasi, ambao ndio mkosaji wa mara kwa mara. Bodi ya gari ni njia ya kurudishia umeme kwenye betri. Redio ikifungwa hasi mahali pamoja, na amplifaya mahali pengine, tofauti ndogo ya umeme baina ya sehemu hizo husukuma mlio hadi kwenye spika. Tufungue waya wa hasi wa betri kwanza. Kisha tukwangue rangi na kutu kwa msasa hadi chuma king'ae, tufunge hasi zote mahali pamoja, tukaze boliti, na kupaka grisi juu yake.

Nne, nyaya zinazochukua sauti zisilazwe pamoja na waya mnene wa umeme. Kila kundi lipite upande wake wa gari. Waya wa chanya wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, ukiwa na fyuzi karibu na betri hiyo. Mlio wa altaneta ukidumu baada ya hayo yote, altaneta yenyewe ipimwe na fundi, kwani huenda imeanza kuharibika. Kwa cheche, nyaya za plagi zenye ukinzani husaidia.

Tulipata kuona gari moja ambalo spika zake zilibadilishwa mara mbili. Fedha zikapotea bure, kumbe kosa lilikuwa boliti moja iliyoota kutu.

Hata hivyo, dereva asifungue redio ya kazini kwa bisibisi yake mwenyewe. Hiyo ni kazi ya mafundi wa mawasiliano. Wajibu wa dereva ni kusikiliza, kukagua, kusafisha na kutoa taarifa mapema. Silaha husafishwa kabla ya safari. Yafaa na redio ikaguliwe vivyo hivyo, kwa maana amri isiyosikika haiwezi kutekelezwa.