Teknolojia Karagwe na Kyerwa: Kalenda ya kahawa yawafunza vijana biashara

Kijana aliyehitimu masomo ya kompyuta jijini Dar es Salaam au Mwanza na kurejea Kayanga kuanzisha kampuni huja na vitu viwili: kompyuta ya mkononi, na imani kwamba wakulima wa kwao wana tatizo analoweza kulitatua. Mara nyingi imani hiyo ni sahihi. Asichokifahamu ni lini wakulima hao huwa na fedha.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambayo ilimegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kahawa ndiyo inayozipatia familia nyingi fedha taslimu. Ndizi ni chakula kwanza, biashara baadaye. Kahawa huanza kuvunwa mnamo mwezi Mei, ilhali shule hufunguliwa Januari. Katika pengo hilo ndipo hustawi butura, yaani ununuzi wa kahawa ikiwa bado shambani. Mfanyabiashara humpa mkulima fedha mapema, kwa bei iliyo chini mno ya ile ya msimu, na mavuno yanapowadia huja kuchukua mzigo wake. Serikali imeikemea butura kwa miaka mingi, lakini makemeo hayanunui sare za shule wala madaftari.

Hapo ndipo hesabu za kampuni changa zinapoharibika. Tuseme kijana ametengeneza programu ya simu ya kumpa mkulima taarifa za bei na hali ya hewa, akapata wateja 500 wa kulipa Sh1,000 kila mwezi. Kwenye karatasi anazo Sh500,000 kwa mwezi. Kuanzia Januari hadi Aprili huenda asione hata robo yake, huku gharama za intaneti, nauli za kwenda vijijini na mshahara wa msaidizi zikiendelea kumdai. Asipokuwa na akiba ya miezi minne, kampuni hufa kabla kahawa haijaiva. Mshindani wake halisi wala si kampuni nyingine ya programu. Ni yule mtu mwenye pikipiki anayebisha hodi mwezi Januari akiwa na noti mfukoni.

Aidha, mkulima anayeuzia chama cha msingi cha ushirika, AMCOS, chini ya Chama Kikuu cha Ushirika cha Karagwe (KDCU), hahitaji kuhubiriwa habari za mtandao. Katika misimu ya karibuni minada ya kahawa mkoani Kagera imekuwa ikiendeshwa kwa njia ya kielektroniki kupitia Soko la Bidhaa Tanzania (TMX). Anachotaka kujua ni uzito uliosomwa kwenye mizani, makato yaliyofanyika na siku atakayolipwa. Kijana anayekuja na programu yenye picha nzuri isiyojibu lolote kati ya maswali hayo hujibiwa kwa upole, kama ilivyo desturi ya Wanyambo, kisha hasikii tena kutoka kwa wateja wake.

Wilaya hiyo ina historia inayostahili kusomwa kabla ya kuandika hata mstari mmoja wa programu. Shirika la FADECO la mjini Kayanga, lililoasisiwa na Joseph Sekiku, lilikuwa na kituo cha mawasiliano chenye intaneti wakati ambapo huduma hiyo ilikuwa adimu vijijini. Taarifa zilikuwapo, lakini mkulima wa mbali asingeweza kuacha shamba ili aje kusoma kwenye kompyuta. Mwaka 2007 shirika likaanzisha redio ya jamii. Teknolojia kongwe zaidi ikaifikisha mbali teknolojia mpya, kwa kuwa redio tayari ilikuwa imetundikwa ukutani au kwenye mgomba wakati wa palizi.

Somo la namna hiyo lilionekana pia kwa kampuni kubwa. M-Pesa ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa kuwasaidia wateja wa mikopo midogo kulipa marejesho. Wateja wakaigeuza kuwa njia ya kutumiana fedha, na wenye mradi wakawa na busara ya kuwafuata. Huduma ilianza rasmi Kenya Machi 2007, na Tanzania Aprili 2008. Miezi 14 baada ya kuanza, Kenya ilikuwa na watumiaji wapatao milioni 2.7, Tanzania, kwa kipindi kama hicho, takriban 280,000. Huduma ilikuwa ile ile. Tofauti kubwa ilikuwa nguvu ya kampuni sokoni, mtawanyiko wa watu na, zaidi ya yote, mtandao wa mawakala. Wakala asiye na floti hawezi kuokolewa na programu yoyote, na jambo hilo analijua kila aliyewahi kupanga foleni kutoa fedha siku ya gulio.

Kuna pia suala la mkopo. Karagwe ilianza kuwafunza mafundi wa umeme wa jua mapema, kupitia kituo cha KARADEA kilichoanza mwaka 1993. Miaka mingi baadaye kampuni ya Kijerumani ya Mobisol ilifanya Tanzania kuwa soko lake kubwa, ikiuza mitambo ya jua kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia simu. Wateja walipatikana kwa maelfu. Hata hivyo, Aprili 2019 iliomba ulinzi wa ufilisi, na mwaka huo huo ikanunuliwa na ENGIE ya Ufaransa. Anayeuza leo na kulipwa kwa miaka kadhaa amekuwa mkopeshaji, apende asipende, na mkopeshaji huhitaji mtaji mkubwa na subira.

Vijana wengi huona njia ya mkato: kukusanya fedha za wakulima ndani ya programu yao na kuzigawa baadaye. Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inataka leseni ya Benki Kuu kwa shughuli kama hiyo. Majina, namba za simu na ukubwa wa mashamba nayo ni taarifa binafsi, zinazolindwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Njia isiyo na fahari, na pengine iliyo bora, ni kuomba kazi ya msimu mmoja katika AMCOS: kushika kalamu kando ya mizani, kuandika stakabadhi na kusikia manung'uniko ya wakulima siku ya malipo. Posho yake si ya kujivunia. Lakini ifikapo Oktoba kijana atakuwa anajua ni ukurasa upi wa daftari la karani unaozua ugomvi kila wiki, na kama mkulima aliyeupinga angekuwa tayari kulipa ili usitokee tena.