Ghorofa la ndege Kalahari: Chumba ni chako, paa ni letu sote

Unaishi kwenye ploti? Basi hii unaijua. Balbu ya ngazi imeungua tangu mwezi jana, kila mtu anapapasa ukuta gizani, na hakuna anayenunua nyingine kwa sababu “hiyo si yangu”.

Sasa twende jangwa la Kalahari, kule Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Kwa mbali utaona mgunga uliobeba kitu kama paa la nyumba ya nyasi. Sogea karibu. Hicho ni kiota, na ndani wanaishi kwera wadogo kama shomoro, wakati mwingine mia moja na zaidi. Kiota kikubwa huweza kufikia uzito wa tani moja, na kikarithiwa kizazi hadi kizazi kwa miaka mingi.

Juu kuna paa la vijiti na nyasi. Milango iko chini, na kila mmoja una ujia mfupi unaopanda hadi chumba cha mviringo kilichotandikwa vitu laini. Mchana wa kiangazi, jua la Kalahari hupita nyuzi 40. Usiku wa baridi, maji huganda. Vyumba vya ndani huhifadhi joto, na baridi ikizidi, ndege kadhaa hubanana kwenye chumba kimoja mpaka asubuhi.

Usidhani ni raha tupu. Nyoka aina ya swila hupanda na kupita chumba hadi chumba akimeza mayai na makinda. Kuna pia kozi mdogo anayehamia bila kujenga chochote. Mpangaji asiyelipa kodi, na mara nyingine hula makinda ya wenyeji!

Lakini shida inayotuhusu sisi ni paa. Hapo hakuna landilodi wala keateka. Kila ndege ana sababu ya kutengeneza chumba chake, ila paa ni la wote, na wengine hutegea. Wanafanyiwaje? Watafiti wameona ndege akifukuzwa na kudonolewa na wenzake, kisha anarudi kazini na kujenga zaidi.

Paa likiachwa, hakuna chumba kitakachosalimika, hata cha yule aliyekitandika vizuri kuliko wote.

Hatusemi umdonoe jirani. Ila balbu inauzwa kioski cha hapo chini. Nani anaenda?