Mtoto Anayechora Kuta: Tumfungie Mlango au Tumwoneshe Njia?

Baada ya Swala ya Ijumaa mjini Songea, mzee mmoja alitusogelea na swali lililokuwa likimkosesha usingizi. Mwanawe alimaliza kidato cha nne, ajira hana, lakini kazi haimkosi. Huchora. Wenye saluni za Lizaboni na Bombambili humwita awachoree vichwa vilivyonyolewa vizuri. Mwenye bucha humtaka ng'ombe mnene ukutani. Wenye bajaji humpa ubavu wa chombo aandike majina na mafumbo. Jioni kijana hurudi na fedha ya unga na mafuta, na baba huipokea huku moyo ukimsuta. Je, riziki ile ni halali? Amzuie mwanawe, au amwache?

Swali hili si la nyumba moja. Vijana wenye kipaji cha mkono wamo katika familia zetu nyingi, na jibu tunalowapa mara nyingi ni kemeo tu. Tumeona vema tulitazame jambo hili kwa utulivu, tuanzie mbali kisha turudi nyumbani.

Mji wa Berlin si mgeni masikioni mwa watu wa Songea. Utawala uliowanyonga mashujaa wa Majimaji hapa Februari 27, 1906 ulipokea amri kutoka huko, na mwaka 2024 sehemu ya barabara moja ya mji huo ilipewa jina la Maji-Maji. Leo Berlin inasifika pia kwa kuta zake zilizochorwa. Mapema mwaka 1990, miezi michache baada ya Ukuta wa Berlin kufunguliwa, wasanii waliingia katika gofu la duka kubwa la zamani lililokuwa likingoja kubomolewa. Wakaliita Tacheles, wakaligeuza karakana na kumbi za maonesho. Wageni walimiminika kwa zaidi ya miaka 20, lakini mwaka 2012 wasanii wa mwisho waliondolewa, kwa kuwa mahali pale palikuwa na mwenyewe. Mwaka ule ule wa 1990, wasanii zaidi ya 100 kutoka nchi mbalimbali walichora kipande cha Ukuta kilichobaki, chenye urefu wa zaidi ya kilometa moja. Hao walifanya kwa ridhaa, na kipande hicho kinahifadhiwa hadi leo kama kumbukumbu.

Hata hivyo, hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta msanii wa kando ya barabara. Mkoa wetu wa Ruvuma umemtoa mmoja aliyejulikana duniani. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa Tunduru mwaka 1932. Alifanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga, kisha akahamia Dar es Salaam. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kuchora wanyama na ndege, bila shule ya sanaa wala turubai ya gharama: alitumia vipande vya mbao za kubandika dari na rangi ya kupakia baiskeli. Michoro iliuzwa kando ya duka la Morogoro Stores, Oyster Bay. Aliwafundisha ndugu na jamaa, nao wakabaki na kazi hiyo hata baada ya yeye kuuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu. Mwaka 1990 wafuasi wake waliunda ushirika, na kazi ya mkono mmoja wa Tunduru imelisha nyumba nyingi hadi leo.

Hapo ndipo Muislamu anapouliza: vipi kuhusu hao wanyama? Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wetu, wamekataza kuchora vyenye roho. Wapo waliotofautisha sanamu yenye kivuli na mchoro bapa, na tofauti hiyo ina mjadala mrefu. Lakini imo hadithi sahihi inayofanana mno na swali la mzee wetu. Mtu mmoja alimwendea Ibn Abbas (RA) akamweleza kwamba maisha yake yanategemea kazi ya mikono yake, naye ni mchoraji. Ibn Abbas alimfikishia onyo la Mtume (SAW) bila kulipunguza. Mtu yule aliposhikwa na hofu, hakuachwa hivyo hivyo. Aliambiwa kwamba akiwa hana budi kuchora, basi achore miti na visivyo na roho. Katazo lilikuja pamoja na njia ya kutokea. Sisi wazazi mara nyingi tunalitoa katazo na kuisahau njia.

Na njia hiyo ni pana. Katika ukuta wa kibla wa Msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yamo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Milango ya Lamu na Zanzibar imejaa nakshi za maua na mizabibu. Mwaka 2012, msanii eL Seed, mzaliwa wa Paris mwenye asili ya Tunisia, aliandika kwa rangi juu ya mnara wa msikiti mjini Gabès aya ya 13 ya Surat al-Hujurat, inayotukumbusha kwamba Allah ametuumba mataifa na makabila ili tujuane. Alifanya hivyo kwa idhini ya imamu.

Idhini ni jambo la pili la kumfundisha kijana. Ukuta ni mali ya mtu. Kuuchora bila ruhusa ni kumdhulumu mwenyewe, hata kama kilichoandikwa ni neno jema.

Basi tunawausia wazazi: mpelekeni kijana kwa sheikh mnayemwamini, aulize mwenyewe kuhusu kazi anayopewa. Mtafutieni mwalimu wa hati za Kiarabu. Na mumpe kazi: mabango ya maduka, mapambo ya kumbi za harusi, majina ya shule, mipaka ya maua kwenye kuta za nyumba zenu.

Tulimuuliza mzee wetu kama kuna aliyewahi kumwomba mwanawe aandike chochote katika madrasa ya mtaani kwao. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa. Ukuta wa madrasa hiyo, alisema, ni mweupe mtupu tangu ulipopakwa chokaa, na kijana huupita kila asubuhi akiwa na kopo lake la rangi.

Wallahu a'alam.